Klachi ya Mjomba Hilari

Nakumbuka Jumamosi moja pale Lulindi, mwanangu, nilipoendesha gari peku mbele ya kijiji kizima, nimevaa gauni langu la kanisani, jasho linanitiririka mpaka kwenye viwiko na huku baridi ya Julai bado haijaondoka. Imenijia asubuhi hii kwa sababu nilikuwa dirishani nikikutazama unavyojifunza na ile pikapu hapo uwanjani. Umekaa vizuri, usukani umeushika vizuri, hata vioo umevikumbuka. Ila mguu wako wa kushoto umeulaza juu ya klachi kama mtu aliyeuweka kwenye kigoda akisubiri chai. Nikasema moyoni, huyu kweli ni damu yangu. Basi zima gari uje ukae hapa. Uji upo, ming'oko ya kuchemsha ipo, na mimi leo sina pa kwenda.

Wakati huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwalimu mpya wa shule ya msingi, sijaolewa, na nilikuwa najiona. Mama yangu aliishi Lulindi, karibu na kanisa, nyumba moja na bibi, yaani mama yake. Kaka yake mama, mjomba wangu Hilari, aliishi huko juu Newala kwenye mikorosho yake. Ninyi watoto wa siku hizi kila mwanamume mnamwita mjomba, mpaka muuza vocha. Kwetu mjomba ni mjomba. Mtoto wa dada yake akizaliwa ni wake, akiugua ni wake, akipelekwa jandoni yeye ndiye anayesimama. Baba yako anakupenda, sikatai, lakini jambo kubwa likitokea watu wanauliza mjomba wake yuko wapi.

Mjomba Hilari alikuwa na pikapu. Zamani ilikuwa ya kijani, wanasema. Mimi nilipoijua ilikuwa na rangi ya vumbi la Newala. Wewe unayefungua bomba ukiwa umesinzia huwezi kujua pikapu ile ilikuwa nini kwetu. Newala iko juu na maji yalikuwa chini bondeni. Kina mama walishuka alfajiri na kupanda na ndoo kichwani, wakifika nyumbani jua limeshakuwa kali na maji yenyewe hayatoshi kupika na kuoga. Mjomba alishuka na mapipa, akapanda na mapipa, ukoo ukanywa na majirani wakanywa. Pikapu ile ilibeba korosho, ilibeba wajawazito kuwapeleka Masasi hospitalini, ilibeba maharusi na majeneza. Wazee walikuwa wanaipungia mkono inapopita, hata kama dereva hawamwoni vizuri.

Sasa macho ya mjomba yakaanza kuingia ukungu. Ni mtoto wa jicho, wakamwambia, asubiri zamu yake ya kufanyiwa upasuaji. Alilificha jambo hilo kwa muda, mpaka siku aliposimamisha gari katikati ya barabara akakipigia honi kichuguu, tena kwa hasira, akidhani ni mbuzi wa mtu. Abiria wake walicheka mpaka wakashuka, na mjomba naye akacheka, lakini tangu siku hiyo hakuushika tena usukani.

Kuna mfanyabiashara mmoja wa Nanganga alisikia habari hizo, akaja kuitazama pikapu, akapiga mateke matairi kama wafanyavyo wanunuzi. Mjomba alimwambia angoje kwanza. Alishuka Lulindi akamwambia mama kwamba hataki kuiuza, lakini gari bila dereva litamfia mlangoni. Mpwa wake mkubwa wa kiume alikuwa Dar es Salaam na hana habari ya kurudi. Mwingine ni Yohana, mdogo wangu wa mwisho, naye alikuwa jandoni wakati ule. Akipatikana mtu wa ukoo wa kuiendesha bila kuiua, haiuzwi. Asipopatikana, yule wa Nanganga aje kuichukua Jumatatu, baada ya watoto kutoka jandoni. Maana mjomba alikuwa amemwahidi dada yake kwamba Yohana atarudi nyumbani juu ya gari, na ahadi hiyo lazima itimie kwanza.

Mama akasema, "Yupo Salome."

Mjomba akacheka.  Mwisho akasema, "Mwambie apande Newala shule ikifungwa. Aje bila viatu."

Mimi nilipanda Newala na viatu vyangu, tena vile vya kisigino nilivyonunua kwa mshahara wa kwanza, kwa kuwa nilidhani maneno yale ni mzaha. Mjomba aliposikia ngo ngo ngo kwenye baraza alisema tu, "Mwalimu, acha viatu mlangoni." Nikaingia kwenye gari peku. Baridi ya Newala mwezi wa Julai unaijua, na kile chuma cha klachi kilikuwa kama kimelala nje usiku mzima, kwa sababu kweli kililala nje usiku mzima.

Nilifikiri nitaendesha siku ile ile. Wapi. Mjomba alikaa kushoto kwangu, akaniambia nikanyage klachi mpaka chini, nitie gia ya kwanza, kisha niinue mguu pole pole nisikilize kwa wayo. Nikainua, nikainua, na mahali fulani nikasikia gari limetetemeka kidogo na pua yake imenyanyuka.

"Hapo," akasema. "Hapo gari linakupa shikamoo. Mtu akikuamkia unafanyaje?"

"Naitikia marahaba."

"Unaitikia mara moja, halafu unaendelea na safari yako. Hukai unasema marahaba, marahaba, marahaba mpaka jua linazama. Gari likikuamkia, liitikie, toa mguu, weka chini, nenda."

Ndivyo alivyonifundisha. Hakuniambia habari za sahani zinazosuguana huko ndani mpaka zinalika. Hayo nilikuja kuyajua kwa fundi miaka ya baadaye. Aliniambia shikamoo na marahaba, nami nikaelewa, au nikadhani nimeelewa.

Lakini kuelewa ni jambo moja na mguu ni jambo lingine. Gari liliruka kama mbuzi aliyekanyaga moto, likazimika. Nikaliwasha, likaruka, likazimika. Kuku wa mjomba walihama uwanja. Kulikuwa na jirani yetu mmoja, mzee wa Kiyao, mtani wetu, aliyekuwa analeta kiti chake kila jioni na kukaa kututazama kama mtu aliyekuja kwenye mpira. Akaniambia babu zake walikwenda pwani kwa miguu, na hata wangeondoka saa hiyo, wangefika kabla yangu. Mjomba akamjibu kwamba Wayao walikwenda kwa miguu kwa sababu hakuna mtu aliyewaamini na gari. Wakataniana pale mpaka nikasahau aibu yangu, na nadhani mjomba alifanya hivyo makusudi.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mjomba hakuwa anaona, lakini hukuweza kumdanganya. Alisikia kila kitu. Nikiwa na gia ya pili na injini inalalamika, alisema ipe ya tatu, inakuomba. Nikipumzisha mkono juu ya gia, aliupiga kidogo kwa kidole akiniuliza kama nimezeeka kiasi cha kuhitaji mkongojo. Nikitaka kutia gia ya kurudi nyuma na gari bado linaserereka mbele, aliguna kama mtu aliyeumwa jino, nami nikajifunza kusimama kabisa kwanza. Siku ya kwanza kushuka bondeni kufuata maji nilitia nyutro, gari likateremka lenyewe bila kelele, nikajisikia fundi. Nilikuwa nimewaona madereva wa malori wakifanya vile ili kuokoa mafuta. Mjomba alishika dashibodi kwa mikono miwili.

"Rudisha gia," akasema taratibu. "Ya pili. Tunashuka na gia ile ile ambayo tungepandia. Breki ni za kusimamia, mpwa wangu, zikipata moto huku hazitakusikia."

Sauti yake haikupanda, lakini mikono yake haikuachia dashibodi mpaka tulipofika chini. Mwanangu, mlima ule wa kwetu hauchezewi, na wewe ukishuka nao kuelekea Masasi ufanye hivyo hivyo, usinidanganye kwamba gari za siku hizi ni tofauti.

Kupanda ndiko kulikonitoa machozi. Mapipa yamejaa, barabara imesimama, na mbele yangu punda au baiskeli au kina mama wenye kuni, ikabidi nisimame katikati ya mwinuko. Mimi nikalishikilia gari kwa klachi, nikakanyaga mafuta kidogo, klachi kidogo, gari likaning'inia pale pale, nikaona ni ufundi. Mjomba akanisahihisha: vuta breki ya mkono, tia nyutro, pumzika. Ukitaka kuondoka, ngoja shikamoo kwanza, ndipo uachie breki. Mara za kwanza nilikosea, gari likarudi nyuma, maji yakamwagika, na kina mama waliokuwa wanasubiri juu na ndoo zao hawakunisema, walinitazama tu. Kutazamwa kule kulinifundisha kuliko kusemwa.

Halafu siku moja nilipanda na mapipa yote, nikasimama mara mbili katikati ya mlima, nikaondoka vizuri, na nilipofika juu nikamgeukia mjomba anisifu. Nikakuta amelala. Mdomo wazi, kofia imemwangukia puani, anakoroma. Sijapata sifa nyingine kama ile maishani mwangu, na nimesifiwa na watu wakubwa.

Alipoamka akaniambia kwamba mlima nimeuweza, lakini mtihani wenyewe ni Jumamosi.

"Wafikishe watoto kwa mama yako," akasema, "na klachi ikiwa nzima. Ukiweza, funguo hazirudi kwangu. Ukiiunguza, yule wa Nanganga anaichukua na klachi yake mbovu, kwa bei anayotaka yeye, nami sitakuwa na la kusema."

Nilicheka kimoyomoyo. Mtihani gani huo? Kutoka mwisho wa kijiji cha Lulindi mpaka nyumbani kwa mama ni karibu, hakuna kona, na kilima chenyewe ni kile kidogo cha kwenda kanisani. Mimi niliyepanda mlima wa Newala na mapipa.

Jumamosi ikafika. Mambo ya jandoni si yangu kuyasema wala si yako kuniuliza, lakini kutoka kwao ni jambo la wazi kwa kila mtu. Wari, yaani watoto wenyewe waliotoka jandoni, walikuwa wamevaa nguo mpya, kofia mpya, miwani ya jua, kila mmoja na mwavuli wake, wamekaa kwenye mabenchi huko nyuma ya pikapu, vichwa chini, kimya, hawacheki, kama inavyotakiwa. Yohana wetu alikuwa katikati. Pikapu tuliifunga kanga kwenye vioo na kwenye boneti mpaka ikapendeza kama bibi harusi. Mjomba alikaa kushoto kwangu na koti lake la Krismasi. Mbele wapiga ngoma, nyuma ya ngoma kina mama na vigelegele, na nyuma ya kina mama, mita chache tu kutoka boneti yangu, bibi yangu mwenyewe, mama yake mama, amejifunga kanga mbili kiunoni na anacheza.

Mama alikuwa amenionya mapema. Bibi yako usimpite, usimsukume, na usithubutu kumpigia honi mbele za watu.

Ngoma ikaanza, mwanangu, na hapo ndipo nilipojua mtihani wa mjomba. Watu wanaocheza hawaendi. Wanapiga hatua, wanarudi nusu, wanazunguka, wanainama, wanapiga hatua. Gia ya kwanza ya pikapu ile, hata bila mafuta, ilikuwa na haraka kuliko bibi yangu. Nikitoa mguu namkanyaga bibi. Nikikanyaga mpaka chini gari linasimama, na mimi niliona gari kusimama siku kama ile ni kuharibu shughuli ya watu, kuwasimamisha wari njiani wakati ukoo wote unawapeleka nyumbani. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe. Basi nikafanya kile ambacho mjomba alinikataza: nikauning'iniza mguu katikati. Gari likatambaa nyuma ya bibi kwa adabu zote, nami nikatabasamu kila upande, nikijua watu wananitazama na gauni langu.

Tulipita kwenye kalvati. Tukaanza kile kilima cha kanisani. Ndipo harufu ikaingia, na harufu ya klachi inayoungua ukishainusa huisahau, ni mpira na nywele vinachomwa pamoja. 

Mjomba akainua pua. "Salome. Umeitikia marahaba ngapi mpaka sasa?"

 Nilimwambia tu kwamba bibi yuko mbele.

"Najua yuko mbele. Namsikia."

Nikamuuliza kama nipige honi, kidogo tu. Akasema yule ni mama yake mzazi, na hajaona bado honi ya kumpigia mama yake. Nikamuuliza basi nifanye nini, na sauti yangu ilikuwa imeshaanza kukatika.

"Mimi sioni," akasema. "Dereva ni wewe."

Nilimkasirikia, sikufichi. Niliona ameniacha. Nikamwona yule mnunuzi wa Nanganga Jumatatu asubuhi, nikaona mapipa yamelala matupu ukutani kwa mjomba, nikawaona kina mama wa Newala wakishuka tena bondeni alfajiri na ndoo zao, na yote hayo kwa sababu ya mguu wangu mmoja uliokuwa unaona haya. Moshi kidogo ukachungulia chini ya kanga za boneti. Hapo haya zikaniisha.

Nikakanyaga klachi mpaka chini. Nikavuta breki ya mkono. Nikatia nyutro. Nikazima injini.

Ngoma ziliendelea kidogo, zikapishana, zikanyamaza. Vigelegele vikakatika. Watu wote wakageuka kunitazama, na mimi nikashuka peku na gauni langu, nikaenda mpaka mbele ya bibi nikapiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Gari limekufa?"

"Halijafa, bibi, lakini linaungua. Halijui kutembea pole pole namna hii. Naomba tucheze hapa likiwa limesimama. Mkimaliza, mtangulie mpaka pale kwenye mkorosho, na mimi nije mara moja niwakute."

Bibi alinitazama. Akalitazama gari. Akanitazama tena, nami nikajua sasa nasemwa mpaka kizazi cha tatu. Badala yake akajikalisha chini, pale pale barabarani, akanyoosha miguu yake mbele.

"Kumbe linasimama," akasema. "Mjukuu wangu, mimi miguu imekwisha tangu kule kwenye kalvati. Nilitaka kupumzika. Lakini kila nikigeuka naliona linakuja tu, linakuja tu. Nikasema, mtoto huyu hajafundishwa kulisimamisha, nikisimama mimi litanipanda."

Nani alianza kucheka sijui. Nafikiri ni mpiga ngoma mkubwa, maana aliangukia ngoma yake. Kina mama walishikana mabega. Mama yangu alifunika uso kwa kanga. Nikageuka nikamwona mjomba ndani ya gari amejiegemeza kwenye dashibodi, machozi yanamtoka kwenye yale macho yasiyoona. Na kule nyuma ya pikapu, ambako wari hawaruhusiwi kucheka, Yohana alikuwa ameuteremsha mwavuli wake mpaka kifuani, na mwavuli ulikuwa unatikisika.

Mwanangu, nilicheka pale chini mpaka mbavu zikaniuma. Nilikuwa nimekaribia kuua gari kwa kumheshimu bibi, na bibi alikuwa amekaribia kufa kwa uchovu akiniogopa mimi.

Bibi akaletewa kiti na maji. Ngoma ikapigwa pale pale, tena kwa nguvu zaidi, na mimi nikacheza kwa sababu sasa nilikuwa na miguu miwili ya kuchezea, na injini ikapoa. Kisha watu wakatangulia mpaka kwenye mkorosho. Nikawasha, nikangoja shikamoo, nikaitikia, nikatoa mguu wote nikauweka chini, pikapu ikapanda kile kilima bila kulalamika mpaka nilipowafikia, nikasimama, breki ya mkono, nyutro. Wakacheza tena. Wakatangulia mpaka kanisani. Bibi naye alipoona jinsi jambo lilivyo tamu, alipanda mbele akabanana na mjomba, akawa ndiye anayetoa amri: sasa simama, sasa twende. Kufika kwa mama tulichukua muda mrefu kuliko shughuli yoyote iliyopata kufanyika Lulindi, na hakuna aliyetaka tufike mapema.

Wari walipokwisha kushushwa na kuketishwa kwenye mikeka, na kanga kutandazwa, na kila shangazi kutuza, mjomba aliniita kwenye gari. Uso wake haukuwa na mzaha. 

"Vuta breki ya mkono mpaka mwisho," akasema. "Washa. Tia gia ya tatu. Sasa achia klachi."

Nikamwambia litazimika.

"Achia."

Nikaachia. Pikapu ikajikunja, ikapiga kishindo kimoja, ikazimika kimya. Mama akapiga yowe huko mkekani kwamba nimeliua gari la watu. Mjomba akainua mikono yote miwili juu kama mchungaji anayebariki.

"Nzima," akasema. "Klachi iliyokufa ingeteleza tu, injini ingeendelea kunguruma. Hii imeshika. Ni nzima."

Gari lilikuwa limenizimikia mara nyingi kuliko unavyoweza kudhani, kila mara nikitaka ardhi inimeze. Ile ndiyo mara moja tu nililia kwa furaha kwa sababu gari limezimika.

Jumatatu yule mfanyabiashara wa Nanganga akaja Lulindi kwa kudandia lori, akiwa tayari kuondoka na pikapu yake. Mjomba akamkaribisha chai, akamwambia kwa upole kwamba gari limeshapata mwenyewe. Kisha, kwa kuwa hakutaka mgeni apate shida ya usafiri, akamwambia, "Mpwa wangu huyu atakurudisha." Nilimrudisha mpaka Nanganga. Njia nzima alikuwa anachungulia miguu yangu peku, na kati yetu mjomba anakoroma.

Macho ya mjomba yalitengenezwa baadaye, Mungu ni mwema. Siku ya kwanza kuona vizuri alipanda gari, akanitazama nikiendesha, akasema hakujua kwamba muda wote ule nilikuwa naendesha nimekunja uso kama mtu anayemeza kwinini. Funguo hakuziomba. Pikapu ile ilizeeka mikononi mwangu, na sasa ipo nyuma ya nyumba yake, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.

Sasa nikuambie nilichokuitia. Klachi ina mahali pawili pa kuweka mguu wako: chini kabisa, au mbali nayo kabisa. Pale katikati ni pa kupita, hapakaliwi. Ukitaka kusimama, simama, vuta breki ya mkono, pumzika. Ukitaka kwenda, nenda. Na mbele yako akiwapo mtu unayemheshimu, usiungue kimya kwa ajili yake. Shuka, piga magoti, mwambie. Mara nyingi utamkuta naye amechoka tangu kalvati na anaogopa kukuambia.

Na kwa kuwa tumeshafika hapo, mwanangu, jambo la yule binti wa Mkomaindo umelining'iniza tangu msimu uliopita wa korosho. Hujapeleka watu kwao, hujamwacha aende zake. Unatambaa nyuma yake unatabasamu kila upande. Usinitazame hivyo, kunywa uji. Mimi harufu ile naijua, na nimeisikia hapa nyumbani muda mrefu. Ama simama umwambie, ama toa mguu, tukazungumze na wazee wake nikiwa bado nina nguvu za kucheza.

Mungu akupe masikio ya mjomba Hilari na miguu ya bibi yangu. Akupandishe mlima maji yako yasimwagike, akushushe salama gia ikiwa imeshika. Watakaocheza mbele ya gari lako wawe wengi, nawe upate ujasiri wa kusimama kwa ajili yao. Amina. Haya, vua hivyo viatu, twende uwanjani.